Kurudi kwenye upishi wa bia nyumbani: pika maji kwanza

Vifaa vya kupikia bia vikikaa stoo miaka kadhaa, havizeeki kwa kasi moja. Sufuria ya chuma cha pua utaikuta ilivyo, ukiondoa vumbi. Mpira wa kunyonyea bia unaweza kuonekana mzima kumbe ndani umeshika ukungu usiotoka kwa dawa yoyote. Hamira na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) zilizosahauliwa kabatini zimekwisha nguvu. Mpishi mwenyewe hubaki anakumbuka hatua, ila amesahau tabia za vyombo vyake: sufuria hupoteza lita ngapi kwa saa, kipimajoto kinadanganya kwa nyuzi ngapi, koki ipi huvuja. Hatua unaweza kuzisoma upya wakati wowote, lakini tabia ya chombo huijui mpaka ukitumie. Ndiyo maana tunashauri siku ya kwanza upike maji matupu, na bia ya kwanza iwe ndogo, nyepesi na ya kawaida, hata kama zamani ulizoea bia nzito za asilimia tisa. Kama umehama tangu ulipoacha, hakikisha pia kwamba sheria ya ulipo sasa inaruhusu kupika bia nyumbani.

Kupitia stoo

Gawa vitu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vile vinavyotumika kabla ya kuchemsha na wakati wa kuchemsha: sufuria, mfuko wa kimea, mwiko. Hivi vikiwa safi inatosha, kwa sababu mchemko wa saa nzima utaua vijidudu. Fungu la pili ni kila kitu kitakachogusa maji ya kimea yakishapoa: ndoo ya kuchachulia, koki, mipira, kipumulio (kifaa cha mfunikoni kinachotoa gesi bila kuingiza hewa), kijiti cha kujazia chupa. Hapa usiwe na huruma. Mpira wowote uliokaa zaidi ya mwaka utupe ununue mpya. Bei yake ni ndogo kuliko ndoo moja ya bia iliyoharibika. Badilisha pia oringi (pete za mpira za kuzibia) na gasketi zote zilizokauka au zilizobonyea.

Ndoo ya plastiki iangalie kwenye mwanga. Mikwaruzo ya ndani ni maficho ya bakteria, na dawa haifiki humo. Ikiwa na mikwaruzo unayoihisi kwa kucha, ifanye ya kuhifadhia kimea. Koki ndiyo mkosaji mkubwa kuliko vyote: ifungue vipande vyote, maana nyuma ya kile kipande kinachozunguka mara nyingi kuna tope la bia ya zamani. Koki isiyofunguka itupwe.

Chupa za kioo hazizeeki, lakini pitisha kidole kwenye mdomo wa kila moja. Yenye pengo haitafunga. Vizibo vilivyoshika kutu au vyenye utando uliokakamaa ndani visitumike. Chupa nyepesi ambazo hazikutengenezwa kwa vinywaji vyenye gesi usizijaze kabisa, hata kwa majaribio.

Sufuria ya alumini ikichemshiwa maji safi kwa nusu saa hupata tena utando wake wa kijivu, na utando huo ndio unaoilinda, usiung'arishe. Koili ya shaba ya kupozea yenye kijani ilowekwe kwenye maji ya siki au asidi ya limao hadi ing'ae, isuuzwe, kisha iunganishwe na bomba na kuachwa maji yapite kwa dakika kumi ikiwa nje ya sufuria. Kiungo kinachodondosha tone leo kitadondosha maji mabichi ndani ya bia yako kesho. Jiko la gesi litazame ndani ya bomba la kichomeo: buibui hupenda kujenga humo, na moto hutoka wa njano wenye masizi. Mpira wa gesi upake maji ya sabuni; mapovu yakionekana, usiwashe.

Kama una kegi (mapipa ya chuma ya kuwekea bia yenye gesi), kila moja ina oringi zake na zote zibadilishwe kwa pamoja. Ipe shinikizo, ipake maji ya sabuni kwenye mfuniko na viungo, iache usiku kucha uone kama shinikizo limeshuka. Silinda ya gesi ya kegi (kaboni dioksidi) ina tarehe ya kupimwa iliyogongwa juu yake. Iliyopitwa haijazwi mpaka ipimwe tena.

Viambato vya zamani

Kimea kilichosagwa zaidi ya miezi michache iliyopita hakifai bia unayoitarajia. Kimea kizima kilichohifadhiwa pakavu huweza kudumu mwaka na zaidi. Kitafune: kikivunjika kwa mlio na kuacha utamu, kiko hai, kikiwa laini kimenyonya unyevu. Maji mazito ya kimea ya kopo hugeuka rangi na kupata ladha iliyochakaa hata kopo likiwa limefungwa. Hopsi za kijani zenye harufu kali zilizokaa kwenye friza bila hewa bado zinaweza kutumika, ila nguvu yake ya uchungu imepungua kiasi usichoweza kukipima nyumbani. Zikinuka jibini, tupa.

Hamira usiifanyie ubahili. Ya maji hupoteza uhai haraka, ndani ya miezi michache. Ya unga hudumu miaka miwili mitatu ikiwa kwenye friji na pakiti haijafunguliwa. Kwa bia ya kwanza nunua mpya ya unga na usome tarehe.

Kusafisha, kisha kuua vijidudu

Hizi ni kazi mbili, na ya pili haifanyi kazi kama ya kwanza haijakamilika. Kwa kusafisha, sodiamu pakabonati isiyo na manukato ni bora: gramu 5 hadi 10 kwa lita ya maji ya nyuzi 50, loweka saa chache, suuza vizuri. Usiitumie kwenye alumini, huifanya nyeusi. Usimimine maji ya moto kwenye mtungi wa kioo baridi, utapasuka. Gamba la kijivu au kahawia lisilotoka kwa pakabonati ni gamba la madini ya bia, na hilo huondolewa kwa asidi.

Kuua vijidudu ni kazi ya dakika ile ile unapohitaji chombo. Dawa za asidi ya fosfori kama Star San huchanganywa takriban mililita 1.5 kwa lita moja ya maji, zikae zimelowesha chombo kwa dakika moja au mbili, kisha mwaga bila kusuuza. Povu linalobaki halidhuru bia. Ukiweka dawa hiyo kwenye chupa ya kunyunyizia, utaitumia mara ishirini kwa siku moja ya kupika, na ndivyo inavyotakiwa. Dawa ya klorini ya kufulia tunashauri uiache: mabaki yake yakikutana na fenoli za kimea na hamira hutoa ladha ya plasta ya kidonda hata kwa kiasi kidogo mno. Na kamwe usiichanganye na siki wala asidi yoyote. Gesi inayotoka ni sumu.

Siku ya maji

Pima lita 15 kwa jagi, mimina kwenye sufuria, weka alama kwenye mwiko pale maji yalipofika, na nyingine kwa lita 14, 12 na 11. Washa jiko, andika dakika inazochukua kufika nyuzi 69, halafu hadi kuchemka. Chemsha saa nzima bila mfuniko, zima, acha yapoe kabisa, kisha pima yaliyobaki. Kupima yakiwa yanachemka kunakudanganya, kwa sababu maji ya moto huvimba karibu asilimia nne. Tofauti uliyoipata ndiyo nambari muhimu kuliko zote katika upishi wako. Sufuria pana hupoteza zaidi, nyembamba kidogo.

Maji yakichemka, chomeka kipimajoto. Usawa wa bahari yanatakiwa kusoma nyuzi 100, na hushuka karibu nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Kisha kitie kwenye barafu iliyopondwa na maji kidogo: nyuzi 0. Kikikosea, andika kwa kiasi gani ukibandike kwenye kasha lake. Nyuzi mbili tu za kosa wakati wa kuloweka kimea zinatosha kuifanya bia iwe kavu au iwe nzito mdomoni.

Haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari kwenye maji, nayo huharibika kimyakimya, karatasi ya ndani ikiteleza. Itumbukize kwenye maji safi yaliyo katika joto lililoandikwa juu yake, kwa kawaida nyuzi 20 au 15.6, isome 1.000. Halafu yeyusha gramu 100 za sukari kwenye gramu 900 za maji. Hapo itatakiwa isome karibu 1.040. Ikikosea kwa kiasi kile kile mara zote mbili, toa au ongeza tofauti hiyo kila unapopima.

Maji yaliyopoa yatumie kujaribu ndoo na koki kwa saa chache, na mpira wa kunyonyea. Mkono nao unahitaji kuzoea upya kuanzisha mkondo bila kunyonya kwa mdomo.

Bia ya kwanza: lita 10

Njia rahisi sasa ni kupika kwa mfuko mmoja, mtindo ulioenea kutoka Australia: kimea chote ndani ya mfuko wa kitambaa, maji yote kwenye sufuria moja, basi. Unahitaji sufuria ya lita 20 au zaidi.

Kimea cheupe cha shayiri: kilo 2.2
Kimea cha karameli: gramu 150
Hopsi zenye asidi ya alfa (kiini cha uchungu, huandikwa kwenye pakiti) asilimia 10: gramu 10, dakika 60 kabla ya kuzima moto
Hopsi za harufu, alfa karibu asilimia 6: gramu 15, dakika 10 kabla ya kuzima, na gramu 20 ukizima moto
Hamira ya unga ya bia za aina ya ale, isiyo na ladha kali: pakiti moja ya gramu 11
Maji: lita 15.5

Kiasi hicho cha maji kinachukulia kwamba sufuria hupoteza lita 3 kwa saa na kimea kinanyonya lita 1.5. Kama siku ya maji ilikupa lita 2, punguza lita moja. Kama asidi ya alfa ya hopsi zako za uchungu ni tofauti, gawa 100 kwa asilimia yako. Ya asilimia 8 itahitaji gramu 12.5.

Maji ya bomba yenye klorini yatie robo ya kidonge cha potasiamu metabisulfaiti kilichopondwa, koroga. Kidonge kizima hutosha takriban lita 75. Kuchemsha huondoa klorini ya kawaida, lakini si kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), na miji mingi hutumia hiyo.

Pasha maji hadi nyuzi 69, zima moto, tia kimea kidogo kidogo huku unakoroga ili yasibaki madonge makavu. Joto litatulia kwenye 66. Likiwa chini ya 64 washa moto mdogo huku mfuko umeinuliwa usiguse chini. Likizidi 69 tia maji baridi kidogo. Funika kwa blanketi baada ya kuzima jiko, acha saa moja, koroga mara mbili tatu. Inua mfuko, uache uchuruzike, ukamue. Watu wengi waliambiwa zamani kwamba kukamua huleta ukakasi. Ukakasi huletwa na maji yenye moto kupita kiasi au yaliyopungukiwa na asidi, si mkono wako.

Sasa unatakiwa uwe na karibu lita 14, zikisoma takriban 1.036 zikipozwa. Ikiwa chini ya 1.032, kuna uwezekano mkubwa kimea hakikusagwa vya kutosha. Chemsha muda mrefu zaidi au kubali bia nyepesi, na mara nyingine omba kisagwe laini zaidi, mfuko unastahimili. Yanapokaribia kuchemka simama hapo hapo. Povu la kwanza hupanda kwa sekunde chache, na sufuria ikifurika sukari huungua kwenye jiko. Weka hopsi za uchungu povu likishatulia, uchemshe saa nzima. Koili itie kwenye sufuria dakika 15 za mwisho ili ichemke.

Zima, tia hopsi za mwisho, poza hadi nyuzi 18. Bila koili, weka sufuria iliyofunikwa kwenye beseni la maji na barafu na ubadilishe maji yakipata moto. Kutoka hapa kila kitu kipite kwenye dawa. Hamishia kwenye ndoo ukiacha mashapo, pima (tegemea 1.044 hadi 1.048), nyunyiza hamira juu, funga.

Kuchachuka

Joto la siku tatu za kwanza ndilo linaloamua ladha. Hamira inapofanya kazi hutoa joto lake, na bia ndani ya ndoo huweza kuzidi chumba kwa nyuzi kadhaa. Kwa hiyo chumba cha nyuzi 24 kinaweza kukupa bia inayochachuka kwa 28, yenye harufu ya ndizi na kileo kinachochoma koo. Pima joto la bia yenyewe, kwa kubandika kipimajoto ubavuni mwa ndoo. Lenga 18 hadi 20. Ndoo iliyosimama kwenye beseni la maji, imevishwa fulana iliyolowa na feni ikiipulizia, hushuka nyuzi kadhaa bila friji. Siku ya nne na kuendelea iache ipande hadi 21 au 22 ili imalize.

Pasipo njia ya kupoza, badilisha hamira. Hamira za kveik kutoka mashamba ya Norwei sasa zinapatikana zikiwa kavu, na ile ya Voss hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 35 hadi 40, ikileta harufu ya chungwa. Hili ni badiliko kubwa kwa wote waliokuwa wanashindwa na joto.

Jambo jingine lililobadilika: kuhamishia bia kwenye chombo cha pili baada ya wiki hakupendekezwi tena kwa bia za kawaida. Faida yake ni ndogo, na kila uhamisho huingiza oksijeni. Iache kwenye ndoo ile ile hadi siku ya chupa.

Kutulia kwa kipumulio si dalili ya kumaliza, wala ukimya wake si dalili ya kushindwa. Baada ya siku 10 pima. Rudia siku mbili baadaye. Vipimo vikiwa sawa, kati ya 1.010 na 1.013, imemaliza. Kilichotoka 1.046 kikaishia 1.011 kina kileo cha karibu asilimia 4.6.

Chupa

Kwa lita 9.5 za bia, chemsha gramu 55 za sukari ya kawaida kwenye mililita 100 za maji, poza, mimina chini ya ndoo safi ya pili, kisha hamishia bia juu yake mpira ukiwa umezama ili bia isiruke. Koroga taratibu. Jaza kutoka chini kwa kijiti, acha nafasi ya sentimita 2 hadi 3, funga mara moja. Pima sukari kwa mizani, si kwa kijiko, na pima bia iliyopatikana kweli: gramu 55 zikiingia kwenye lita 7 gesi itazidi.

Jaza chupa moja ya plastiki ya soda pamoja na za kioo. Ikiwa ngumu ukiibonyeza, na nyingine zimepata gesi. Wiki mbili kwenye nyuzi 20 au zaidi, kisha siku mbili friji, wima.

Mambo yakienda kombo

Saa 24 zimepita na hakuna dalili? Fungua mfuniko kidogo utazame kabla ya kufanya lolote. Ukiona povu au utepe wa uchafu ukutani, inachachuka na gesi inapitia ukingo wa mfuniko. Kama hakuna na kipimo hakijashuka baada ya saa 48, tia pakiti nyingine. Sababu ya kawaida ni hamira iliyochoka, au iliyomwagwa kwenye maji bado yana nyuzi 40.

Kipimo kikigoma kwenye 1.020, kwanza jiulize umepima na nini. Rifraktomita, kifaa kinachopima sukari kwa mwanga kupitia tone moja, husoma juu kuliko ukweli kileo kikishakuwepo. Kama ni haidromita, inua joto hadi 22 na itikise ndoo polepole. Ukilowekea kimea kwenye nyuzi 70 na zaidi kwa sababu ya kipimajoto kibovu, sukari nyingi haichachuki na hakuna hamira ya kawaida itakayoimaliza.

Ladha ya siagi ni bia iliyoondolewa mapema kwenye hamira. Siku tatu za nyuzi 21 huisafisha. Tofaa bichi, vivyo hivyo. Ladha ya karatasi iliyolowa ni oksijeni, na hutokea zaidi ulipohamishia bia kwa kuimwaga. Harufu ya kicheche ni mwanga: chupa nyeupe au za kijani zilizokaa juani. Uchachu wa siki pamoja na utando mweupe juu ya bia ni maambukizi. Rudi kwenye koki na mipira.

Ukitia hopsi nyingi kwenye bia iliyokwisha kuchachuka, kama wanavyofanya sasa kwa bia zisizo angavu, zenye harufu ya matunda, fahamu kwamba vimeng'enya vya hopsi huvunja sukari iliyobaki na kuchachuka huanza tena. Pima upya baada ya hopsi, si kabla. Hamira kadhaa za mtindo wa saison (bia kavu ya Kibelgiji) nazo huendelea kula sukari hiyo kwa wiki nyingi. Chupa zikianza kufoka zote, zivae taulo, ziingize friji siku nzima, vaa miwani na glavu nene, zifungue moja moja juu ya sinki. Ikifoka moja tu, tatizo ni usafi wa chupa ile.